Ukali wenu umekosea mlango
Barua ya wazi kwa wakurugenzi na mameneja wa miradi wa kampuni za programu za Kigali, kupitia Chemba ya TEHAMA ya Shirikisho la Sekta Binafsi

Wakubwa zangu,

Ofisi nyingi za programu hapa mjini zina Mnyarwanda, Mkongomani wa Goma, Mkenya na Mganda kwenye meza moja. Mchana kutwa tunaandika Kiingereza kwenye skrini, lakini tukishaketi mbele ya sahani ya melanji, yaani vyakula vya mchanganyiko, malalamiko yote hutoka kwa Kiswahili. Nimeona heri yawafikie kwa lugha yanayosemwa, kabla hayajawafikia kwa lugha ya barua za kuacha kazi.

Mkikutana kujadili kwa nini mradi fulani umechelewa au umekufa, neno la kwanza mezani huwa ujuzi. Vijana hawajaiva, mnasema. Lakini Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kinafundisha hapa Kigali tangu 2012. Kituo cha ubunifu cha kLab kilifungua milango yake mwaka huohuo. Andela, kampuni inayowaunganisha wanaprogramu na kampuni za nje, ilifungua kituo hapa 2018, na Rwanda Coding Academy kule Nyabihu ikapokea wanafunzi wake wa kwanza 2019. Kati ya vijana waliopitia huko wako wengi wanaoandika programu za kampuni za Ulaya na Marekani, na wenye kampuni hizo wanawang'ang'ania. Wakikaa kwenye meza zenu, kazi inakwama. Kijana ni yuleyule na laptopu ni ileile. Tofauti ni anayewaongoza, na namna anavyowaongoza.

Nitoe mfano mmoja, wa kampuni ambayo sitaitaja.

Mteja alikuwa ameahidiwa mfumo wa wazazi kulipa karo kwa simu, uwe tayari mwanzo wa muhula. Wiki za mwisho, binti aliyekuwa akifanya majaribio, mdogo kuliko wote katika timu, alikaa na simu mbili mezani akifanya jambo ambalo mzazi yeyote wa Nyagatare au Rusizi angelifanya bila kukusudia: anabonyeza lipa, kisha mtandao unakatika kabla jibu halijarudi. Aliukata yeye mwenyewe, akaurudisha, akaangalia salio. Pesa ilikuwa imekatwa mara mbili. Ombi la kwanza lilikuwa limefika kwenye mtandao wa pesa na kutekelezwa, jibu likapotea njiani, na programu ya kampuni, kwa kutosikia kitu, ikatuma ombi la pili kana kwamba la kwanza halikuwahi kuwapo.

Dawa yake inajulikana. Kila malipo yanapewa namba yake ya kumbukumbu kabla hayajaondoka kwenye simu, na seva inakataa kushughulikia namba ileile mara ya pili. Ni rahisi kuisema. Kuitenda kunagusa hifadhidata, risiti, ripoti za mhasibu na majaribio yote yaliyokwisha kufanyika. Ilikuwa kazi ya zaidi ya wiki moja, na wiki hiyo haikuwapo kwenye kalenda.

Binti akaiandika hitilafu ile kwa rangi nyekundu kwenye orodha. Kiongozi wa timu alipoipeleka kwa meneja wa mradi, ikawa ya njano. Meneja alipoingia nayo kwenye kikao cha wakurugenzi, ikawa ya kijani, na pembeni yake maneno haya: maboresho madogo yanaendelea. Ukiwauliza mmoja mmoja, hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja alipunguza makali kidogo tu, kwa adabu, ili asimharibie mkubwa wake siku. Uzinduzi ukafanyika kwa tarehe yake, picha zikapigwa. Baada ya siku chache mhasibu wa shule alikuwa na daftari la mistari, akiandika majina ya wazazi wa kurudishiwa pesa. Yule binti hakukaa sana. Leo anajaribu programu za kampuni ya Ulaya akiwa sebuleni kwao.

Meneja yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa wa kwanza kufika ofisini na wa mwisho kuondoka. Lakini kila Jumatatu mkurugenzi wake alimwuliza swali moja tu: tunaifikia tarehe? Na aliuliza kwa sauti ambayo nyote mnaifahamu, maana wengine wenu mnayo. Mtu akiulizwa hivyo kwa miezi, hujifunza kulitafutia swali hilo jibu lake, na jibu hilo ni ndiyo.

Mradi wa programu hauna ukuta ambao mpita njia anauona umefika dirishani. Ndani yake kuna watu wachache wanaojua hali halisi, na mara nyingi ni wale wa chini kabisa. Mwenye mamlaka ya kuongeza wiki, kupunguza kazi au kumpigia mteja simu yuko juu. Kati yao kuna ngazi tatu au nne za adabu. Mradi unafaulu au unakufa kulingana na muda ambao habari mbaya inachukua kupanda ngazi hizo, na muda huo hupangwa na tabia ya kiongozi kuliko kitu kingine chochote. Anayefoka anapoletewa tatizo huwa amejiziba masikio mwenyewe. Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, alikutana na jambo hili hospitalini katika miaka ya 1990. Alitarajia timu zinazoongozwa vizuri ziwe na makosa machache ya dawa, akakuta zimeandika makosa mengi zaidi. Ilimchukua muda kung'amua kwamba hazikukosea zaidi. Zilithubutu kusema. Kwa hiyo meneja anayewaletea ripoti ya kijani mwezi baada ya mwezi, msimpongeze haraka.

Najua mtakachonijibu. Nchi hii imejengwa kwa nidhamu ya ahadi. Imihigo, kwa sura yake ya sasa, ilianza 2006: meya anatia saini mbele ya Rais, na mwisho wa mwaka wilaya yake inapimwa mbele ya wote. Siidharau hata kidogo, maana nimetoka mahali ambapo barabara huahidiwa kila uchaguzi na vumbi ni lilelile. Lakini ahadi ya aina hiyo inakaa vizuri kwenye kitu kinachohesabika, kama madarasa, kilomita za lami, au ng'ombe wa mpango wa Girinka waliofika kwenye kaya maskini. Programu iliyokamilika kwa asilimia 90 haipo. Asilimia 10 iliyobaki inaweza kuwa ndiyo ile ya mtandao kukatika katikati ya malipo, na ikachukua muda mrefu kuliko yote yaliyotangulia. Mmeichukua roho ya imihigo mkaacha nyumbani desturi nyingine ya hapahapa ambayo ingeisawazisha. Tangu 2003 kuna mkutano wa kitaifa wa Umushyikirano, ambapo mwananchi anapiga simu kutoka kijijini na kumwuliza waziri swali mbele ya Rais, na waziri analazimika kujibu palepale. Mkulima anaruhusiwa kusema hadharani kwamba daraja alilotangaziwa halipo. Kwenye kampuni ya watu thelathini, binti wa majaribio hana pa kusemea kwamba malipo yanakatwa mara mbili.

Sisemi kwamba amri ni sumu. Seva ikianguka saa tano usiku na wateja wanapiga simu, hatuhitaji mjadala. Tunamhitaji mtu mmoja anayesema wewe shika hili, wewe usiguse chochote, wewe mjibu mteja. Wakati huo kiongozi mpole ni mzigo. Na kuna aina nyingine ya uongozi inayotusumbua kuliko hata ya kufoka: mkurugenzi rafiki, anayetuita kaka na dada, anayeshinda kwenye mikutano ya wawekezaji na kutuachia mradi ujiongoze. Mteja akishajua kwamba hakuna mlinzi mlangoni, anampata kila mwanaprogramu kwa WhatsApp. Leo anataka kitufe, kesho lugha ya tatu, keshokutwa ripoti ambayo haikuwahi kutajwa kwenye mkataba. Kila ombi ni dogo, na kila mmoja wetu anasema sawa kwa kuwa hakuna aliyewekwa kusema hapana. Baada ya miezi mitatu mfumo una mambo mengi kuliko mkataba, na lile kubwa lililolipiwa bado halijaisha.

Ukiwaweka bosi mkali na bosi rafiki pamoja, utaona wanafanana mahali pamoja. Wote wawili ni wapole mbele ya mteja. Mkali anampa mteja tarehe yoyote anayoitaka, kisha anarudi ofisini kuturarua sisi. Rafiki anampa mteja chochote, kisha haonekani. Hapo ndipo ninapolalamikia ukali wenu: si kwamba upo, ila umekosea mlango. Tungependa muwe wakali nje, kwa mteja, kwa mwekezaji, kwa mtu wa itifaki anayetaka programu izinduliwe kwa sababu kuna mkutano mkubwa pale Convention Centre. Ndani muwe watu wanaoweza kuletewa tatizo na mtu wa mwaka wa kwanza kazini.

Jirani zetu Wakenya walilionyesha hili mapema. Leo kila mtu anaifahamu M-Pesa kama kitu kilichozaliwa kikiwa kizima, lakini ilianza kama mradi mwingine kabisa. Fedha za Uingereza na za Vodafone zilitolewa ili wakopaji wa taasisi ndogo za fedha walipie mikopo kwa simu. Jaribio likaanza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, na wateja wa taasisi ya Faulu Kenya wasiofika 500. Waliouongoza, Nick Hughes akiwa Vodafone na Susie Lonie akiwa Kenya pamoja na watu wa Safaricom, waliutazama ule mfumo ukitumika. Wakaona mambo ambayo hayakuwa kwenye karatasi: watu wanatumiana pesa wao kwa wao, wanaweka pesa kwenye simu wanaposafiri ili wasiibiwe njiani, mmoja anamlipia mwingine mkopo. Faulu kwa upande wake ilihangaika kulinganisha hesabu zake na za mfumo, na mikutano ya vikundi vya wakopaji ikaanza kulegea, kwa kuwa mtu angeweza kulipa bila kufika.

Mfikirie kiongozi wa mradi aliye kwenye hali hiyo. Ana mfadhili, ana mshirika, ana lengo lililoandikwa, na taarifa zinazotoka chini zinasema lengo hilo silo watu wanalolihitaji. Meneja wa kijani-kijani angeandika kwamba jaribio limefaulu na kuna maboresho madogo. Wao walirudi juu na kuubadilisha mradi. Tarehe 6 Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa nchi nzima kwa ajili ya kutuma pesa nyumbani, mikopo ikawekwa kando. Uamuzi ule ulihitaji masikio upande wa chini na ujasiri upande wa juu, na ndio uliotupa sote, hadi huduma ya pesa ya MoMo ya hapa Rwanda, njia ya kufuata.

Mfano wa kinyume ni wa mbali kidogo, lakini vumilieni, kwa kuwa una dawa ndani yake. Tarehe 1 Oktoba 2013 serikali ya Marekani ilifungua HealthCare.gov, tovuti ya wananchi kujichagulia bima ya afya. Siku ya kwanza watu 6 ndio waliofanikiwa kujiandikisha hadi mwisho, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 300. Kulikuwa na kampuni zaidi ya 50 zenye kandarasi, na hakuna mtu mmoja aliyekuwa mwenye mradi wote. Maonyo yalikuwapo miezi kabla ya uzinduzi. Yalikwama katikati. Rais Obama mwenyewe alikuja kusema hadharani kwamba hakuambiwa moja kwa moja kuwa tovuti haitafanya kazi inavyopasa. Angalieni umbali huo: mtu mwenye mamlaka kuliko wote duniani, na habari ya mradi wake mkubwa wa ndani haikumfikia.

Kikaitwa kikosi kidogo cha uokoaji, na mmoja wa waliokiongoza alikuwa Mikey Dickerson, mhandisi aliyetoka Google. Kila siku walikutana mara mbili, asubuhi na jioni, na kulikuwa na kanuni chache zilizobandikwa ukutani. Chumba hiki ni cha kutatua matatizo, ya kulaumiana yana vyumba vyake vingine. Anayesema ni yule anayelijua jambo kuliko wengine, bila kujali cheo. Meneja akionekana anajibu swali ambalo mhandisi wake analijua vizuri zaidi, hapo kuna tatizo. Kufikia mwanzo wa Desemba tovuti ilikuwa ikiwahudumia walio wengi, na hadi Aprili 2014 zaidi ya watu milioni 5 walikuwa wamejiandikisha kupitia tovuti hiyo. Jambo ninalotaka mlishike ni kwamba sehemu kubwa ya kazi ile ilifanywa na wahandisi walewale wa kandarasi zilezile. Ujuzi ulikuwamo tangu awali.

Mtasema tarehe nyingine hazisogezwi. Kweli. Uchaguzi wa Kenya wa tarehe 4 Machi 2013 usingesubiri programu. Vifaa vya kuwatambua wapiga kura viliishiwa chaji vituoni, mfumo wa kupeleka matokeo ukazidiwa, na kura zilizokataliwa zikaonekana nyingi kupita kiasi kwa sababu programu ilikuwa inazizidisha mara 8. Tume ya uchaguzi ikarudi kwenye fomu za karatasi. Tarehe isiposogea, kinachosogea ni ukubwa wa kazi, na kiongozi ndiye anayetakiwa kusimama mapema na kusema tutazindua na haya mawili, yale matano yasubiri. Wengi wenu hamwezi kulisema hilo kwa kuwa mmekwisha kuahidi yote saba kwenye zabuni. Nakubali kwamba zabuni zenyewe zina lawama: anayeandika tarehe ya kweli anashindwa na anayeandika tarehe ya kupendeza. Lakini ninyi ndio mnaoziandika tarehe hizo, mara nyingi usiku, bila kumwuliza hata mmoja wa watakaofanya kazi.

Kuhusu wanaoondoka. Andela ilipoacha habari ya vituo mwaka 2020 na watu wakawa wanafanya kazi popote walipo, kijana wa Kigali akaanza kuonja timu za nje bila kupanda ndege. Mshahara unavuta, sitawadanganya. Hata hivyo wenzangu waliohama, tukikaa Biryogo kwa chai, hawaanzi na mshahara. Wanaanza na kikao cha kwanza ambapo meneja aliwauliza wao, wageni kabisa, wanaonaje, kisha akabadilisha mpango kwa sababu ya jibu lao. Kwa wengine lilikuwa jambo geni kiasi kwamba walidhani wanategwa. (Huko nje nako kuna mabosi wa ajabu, wanaofukuza watu kwa barua pepe. Siwapambi.)

Ninachowaomba hakihitaji fedha.

Kikao cha Jumatatu kianze na mdogo wa timu, na swali liwe: nini kinakutia wasiwasi? Mkurugenzi aseme wa mwisho, maana akitangulia tutakubaliana naye hata akisema jua linachomoza Goma. Orodha ya hitilafu isomwe kama ilivyoandikwa na aliyeziona. Anayetaka kubadilisha rangi aandike jina lake pembeni, ndipo abadilishe. Hiyo peke yake itapunguza kijani nyingi.

Mteja akitaka jambo jipya, apewe mtu mmoja wa kumwambia, na mtu huyo awe na ruhusa ya kukataa. Si wanaprogramu sita kwenye WhatsApp.

Na mjaribu wa programu apewe, kwa maandishi, kwenye mkataba wake wa kazi, mamlaka ya kuzuia uzinduzi pale pesa, taarifa za afya au kitambulisho cha mtu vinapohusika. Mkurugenzi anayetaka kumpita ampite, lakini atie saini yake mwenyewe kwamba amelijua tatizo na ameamua kuendelea. Chemba inaweza kuandaa kifungu hicho kikawa kimoja kwa kampuni zote, ili asiwepo wa kusema kwamba mshindani wake anazindua haraka kwa kuwa yeye hana kizuizi. Mkiwa na hofu, anzeni na mifumo ya malipo peke yake.

Nimekwisha kuwasikia baadhi yenu mkisema mteja wa Kigali hatavumilia kuonyeshwa nyekundu. Sijui mteja yupi aliulizwa. Yule wa karo, ambaye mhasibu wake alijaza daftari zima, nadhani angependa kuulizwa.

Wenu katika kazi,
Mwanaprogramu, Nyamirambo, Kigali